Viti vya umeme, fundi wa Digbeth na habari za Mama

Najua nimepotea. Nasikia wengine mmeshaanza kusema dada wa Birmingham kaolewa na Mzungu kahamia Scotland. Sijaolewa wala sijahama, zamu tu zimenibana. Leo niko mapumziko, mvua inanyesha kama kawaida yake, chai iko mezani, nikasema wacha niwasimulie kisa cha gari. Mwishoni kuna habari za Mama, kwa hiyo msiishie njiani.

Kwanza niweke jambo moja sawa. Ile picha niliyotuma mwaka juzi, nimeegemea gari jeusi nimevaa koti refu, imeniletea makubwa. Shemeji kaitangaza Ngamiani nzima kwamba dada yenu sasa anaendesha gari lenye viti vya umeme. Mjomba wa Muheza akanipigia kwa wasiwasi: "Mwanangu, kiti cha umeme si ndicho kile wanachoulia watu huko Marekani?" Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Ila wiki ile ile nikapata maombi manne ya mkopo, hapo sikucheka tena.

Ukweli ni huu. Gari ni la mwaka 2003 na limetembea maili 118,000. Nililinunua pauni 1,100 kwa muuguzi mwenzangu aliyekuwa anastaafu, na hizo nimelipa kidogo kidogo kwa miezi mitano. Viti vyake kweli vinakwenda kwa umeme. Unabonyeza swichi ya ubavuni, kiti kinakwenda mbele, nyuma, juu na chini. Lilipotoka kiwandani hiyo ilikuwa anasa. Sasa imebaki jina. Kiti cha abiria kilikuwa kinatambaa kama kinyonga. Nilikipima kwa saa yangu ya kazini, ile ninayohesabia mapigo ya moyo: sekunde 52 kutoka nyuma kabisa mpaka mbele kabisa. Kupanda juu ndiyo usiseme, kinaguna, kinasita, kinasimama.

Mtauliza, si ungeacha tu? Ningeacha kama si Mama. Mnajua alikuwa aje kunitembelea mwezi wa tano, na magoti yake mnayajua. Mtu wa magoti kuingia kwenye gari ni kazi yenye utaratibu wake. Kiti kirudi nyuma kabisa apate nafasi ya miguu, kipande juu ili asidumbukie, akae kitako kwanza miguu ikiwa nje, ndipo azungushe miguu yote miwili kwa pamoja. Ndivyo tunavyowafundisha wagonjwa wodini kwetu waliobadilishwa nyonga. Kiti kikikwama chini, inabidi mtu amnyanyue. Na mtu mwenyewe ni mie, mwenye mgongo wa miaka kumi na kitu ya kugeuza wagonjwa.

Basi bwana, nikaanza utundu wangu. Nikanunua kopo la mafuta ya kupulizia, nikapulizia chini ya kiti huku na huku. Kikaenda vizuri! Nikajisifu. Baada ya wiki mbili kikarudi kuwa kile kile, tena kibaya zaidi, maana mafuta yale mepesi yalikauka na vumbi likaganda juu yake. Nikaenda gereji moja, jina naliacha. Kijana akabonyeza swichi mara moja, akaniambia mota imekufa, gari limezeeka, andaa pauni 420 za mota na kazi. Hakufungua hata nati moja. Nilitoka pale nikihesabu: hizo ni zamu mbili nzima na zaidi.

Kazini kuna mlinzi mmoja, mtu wa Mombasa, ndiye aliyenielekeza. Akasema nenda Digbeth, chini ya reli, ulizia yule Kalasinga anayesema Kiswahili. Nikadhani ananitania.

Digbeth mie naijua, ndipo mahali pa kwanza nilipokanyaga katika mji huu. Mwaka 2018 nilishuka Heathrow na masanduku mawili, nikapanda basi la mikoani, nikateremkia stendi kuu ambayo iko hapo hapo Digbeth. Ni mteremko mfupi tu kutoka soko la Bull Ring na kanisa la St Martin. Ni eneo la viwanda vya zamani. Ile kastadi ya unga ya Bird's tuliyokuwa tunapikiwa siku za sikukuu, kiwanda chake kilikuwa hapo. Mzee Alfred Bird alikuwa mkemia wa hapa Birmingham, mwaka 1837 akabuni kastadi isiyo na mayai kwa sababu mke wake mayai yalikuwa yanamdhuru. Siku hizi kiwanda ni ofisi na maduka ya vijana, wanapaita Custard Factory. Juu ya mitaa hiyo inapita reli iliyojengwa juu ya matao ya matofali, na chini ya matao ndiyo kuna magereji. Ukipita unasikia nyundo na redio, treni ikipita juu kila kitu kinatetema. Kwa mtu aliyewahi kupita Gerezani pale Dar, unajisikia nyumbani kabisa, isipokuwa baridi.

Kuna gharama ya kuingia lakini. Tangu Juni 2021 katikati ya mji huu ni eneo la hewa safi. Gari kuukuu kama langu, lisilofikia kiwango cha moshi, linalipa pauni 8 kwa siku ukiliingiza ndani ya barabara ya mzunguko, na Digbeth iko ndani. Mie nakaa Small Heath, nje ya mzunguko. Nikifuata Coventry Road, nikivuka mzunguko wa Bordesley tu, kamera imenikamata. Wakati mwingine naliacha gari nyumbani napanda basi. Hilo ndilo gari mnalosema la kitajiri.

Nilifika Jumanne asubuhi nimetoka zamu ya usiku. Nikamkuta mzee wa kilemba na ndevu nyeupe, amevaa ovaroli. Ukutani ametundika picha ya Joginder Singh, yule dereva wa Kenya aliyeshinda Safari Rally mara tatu, 1965, 1974 na 1976. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Aliganda na spana mkononi. Akajibu, "Marahaba, mama, marahaba!" Akamwita mwanawe aje asikie.

Mzee amezaliwa Nairobi, baba yake alikuwa fundi wa reli. Mwanzoni mwa 1968 Uingereza ilipitisha haraka haraka sheria ya kuwabana Waasia wa Afrika Mashariki waliokuwa na pasi za Kiingereza, ikaanza kazi Machi 1. Familia nyingi zilikimbilia ndege kabla ya tarehe hiyo, na yake ilikuwamo. Yeye alikuwa na miaka kumi na minne. Kiswahili chake ni kile cha Nairobi ya wakati huo, kimekaa kwenye kabati miaka yote hiyo, lakini kinaeleweka.

Nikamweleza shida. Nikamaliza na maneno ya yule kijana, kwamba kiti kimezeeka. Akanitazama juu ya miwani.

"Nani alipima?"

Nikasema hakuna aliyepima.

"Mzee ni mimi," akasema. "Kiti iko na takataka tu. Wacha tuone."

Jamani, nilichokiona saa ile kilinifurahisha kama muuguzi. Hakugusa kitu, alisikiliza kwanza. Akaniambia nikae, nibonyeze. Akaeleza kwamba mota ikizunguka kwa kasi na kiti hakiendi, kebo au gia imekatika. Ikiwa kimya kabisa, tazama fyuzi, swichi na waya. Lakini ikiguna na kusogea polepole, basi ama chakula hakifiki au mzigo umezidi. Chakula ni umeme. Akaniambia niwashe injini, nibonyeze tena. Kiti kikaongeza mwendo kidogo. Hiyo ni dalili, maana injini ikiwaka altaneta inapeleka volti kama 14, ikizimwa unategemea betri yenye 12 na nusu. Halafu akajaribu kiti cha dereva, kikaenda vizuri. Maana yake betri ni nzima, ugonjwa uko kwenye kiti hiki kimoja au njia yake.

Ndipo akatoa mita. Kwenye betri, volti 12.5. Kwenye plagi ya mota chini ya kiti, huku mie nimebonyeza swichi, 9.7. Karibu volti tatu zimepotelea njiani! Akafuata waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari, umefungwa kwa bolti chini ya zulia. Akaweka ncha moja ya mita hapo na nyingine kwenye hasi ya betri, ikaonyesha volti 2 na kitu. Hapo pasingetakiwa kuonekana hata nusu volti. Akafunua zulia. Bolti limeota kutu la kijani na nyeupe. Huku wakati wa baridi barabara zinamwagiwa chumvi kuyeyusha barafu, watu wanaingia na viatu vyenye maji ya chumvi, miaka ishirini na zaidi inashukia pale pale.

"Moja hiyo," akasema. "Sasa tutafute ya pili."

Ninyi wenye Crown na Brevis huko nyumbani, hapa mnisikilize. Kabla ya kutoa kiti, kiendeshe kwanza mbele na nyuma upate kufikia bolti zote nne, ndipo ufungue waya wa betri na usubiri dakika kadhaa. Chini ya kiti kuna plagi ya rangi ya njano. Hiyo ni ya mfuko wa hewa unaofumuka wakati wa ajali. Usiichezee, na kamwe usiiguse kwa ncha ya mita. Kiti chenyewe ni kizito kuliko mnavyodhani, kazi ya watu wawili. Mzee aliposhika upande mmoja nikamwambia apinde magoti, mzigo uwe karibu na kifua. Akacheka, akasema nimekuwa bosi.

Tukakipindua juu ya meza. Yaani! Grisi ya kiwandani ilikuwa imekauka imekuwa kama gundi ya kahawia, imechanganyika na nywele, mchanga na mabaki ya viazi vya kukaanga. Ndani ya reli ya kushoto kulikuwa na kofia ya kalamu na sarafu ya peni 10 imepinda. Kiti kilikuwa kinasaga sarafu kila siku. Mzee akanieleza jinsi maradhi mawili yanavyosaidiana. Reli ikiwa nzito, mota inavuta umeme mwingi. Umeme mwingi ukipita kwenye bolti lenye kutu, unapotea zaidi pale. Mota inabaki na kidogo, inajikaza, inapata joto. Ukiiacha hivyo mwishowe inaungua kweli, halafu watu wanasema si tulikuambia imekufa.

Nikavaa glavu, nikapewa brashi. Tukatoa grisi yote ya zamani kwa mswaki na kisafishio, kwenye reli na kwenye zile skrubu ndefu zinazosukuma kiti. Tukafuta mpaka chuma kikang'aa, tukapaka grisi nyeupe ya lithiamu, kidogo tu. Bolti la ethi likasuguliwa kwa brashi ya waya na msasa, na pale linapokaa pakasuguliwa mpaka chuma kikaonekana, likafungwa, likapakwa mafuta ya kuzuia kutu. Mota haikubadilishwa. Tukakirudisha, tukaunga betri, nikabonyeza.

Sekunde 15. Nilipiga kigelegele, mafundi wa tao la jirani wakachungulia. Malipo: pauni 70 za kazi, 5 za grisi, na 8 za mji. Jumla 83, badala ya 420. Sarafu ya peni 10 mzee alinirudishia, akasema hiyo ni punguzo.

Kisa cha gari kingeishia hapo. Sasa niwaambie ya Mama, na hapa sitanii.

Jioni ile nilimpigia Mama kwa WhatsApp nimwonyeshe kiti kinavyokimbia. Simu akaipokea mdogo wangu, akamwita Mama kutoka uani. Nikasubiri. Nikamwona anakuja, anashika ukuta, anapumzika mlangoni, anakuja tena. Kutoka uani mpaka sebuleni mnakujua, ni hatua kumi na tano. Alipokaa alikuwa anahema. Mdogo wangu akasema kama anavyosema siku zote: "Dada, Mama kazeeka tu, ni umri."

Na mie, miezi yote ile, nilikuwa nakubali. Nilikuwa najibu, eeh, umri, miaka 71 si mchezo. Jioni ile neno likanikwama. Nilimsikia yule mzee: nani alipima?

Nikamuuliza Mama, macho yakoje? Nikamwambia mdogo wangu avute kope la chini kwenye mwanga. Jeupe kama karatasi. Nikauliza choo. Mama akakataa kujibu mbele ya mtoto wa kiume, mpaka mdogo wangu alipotoka. Ndipo akasema ni cheusi kama lami, tangu kabla ya Ramadhani. Dawa za kuongeza damu nazo hufanya choo cheusi, lakini Mama alikuwa hazinywi. Alichokuwa anakunywa ni vile vidonge vya magoti. Asubuhi, mchana na usiku, mara nyingine na chai ya rangi tu.

Vidonge vyenyewe nilipeleka mie. Ibuprofeni. Dukani huku wanakuuzia pakiti za vidonge 16, na hawakupi zaidi ya mbili kwa mara moja, kwa sababu hawataki mtu awe nazo nyingi. Mie nilikuwa nazikusanya pakiti kwa pakiti, nikizipeleka kwa kila anayesafiri. Muuguzi mwenye shahada. Najua kabisa dawa hizi zinapunguza maumivu kwa kuzuia kemikali fulani mwilini, na kemikali hizo hizo ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo. Wagonjwa wangu nawauliza kila siku, umekula? unatumia kwa muda gani? una historia ya vidonda vya tumbo? Mama yangu sikumuuliza hata moja. Nilikuwa napulizia kopo chini ya kiti.

Asubuhi yake mdogo wangu alimpeleka Bombo. Damu ilikuwa 7.1, na mwanamke inatakiwa iwe 12 au zaidi. Walimlaza, wakamwongezea chupa mbili, wakasimamisha vidonge vile, wakampa dawa za vidonda vya tumbo na baadaye za kuongeza damu. Wengine mlisikia alilazwa mkaambiwa ni malaria. Si malaria. Niliwaomba wasiseme kwa sababu niliona aibu, na leo nasema mwenyewe.

Sasa naomba mnisikilize, hasa shangazi, mama mdogo na Mzee wa Chumbageni, maana nanyi niliwapelekea. Anayemeza ibuprofeni au diklofenaki kila siku, mwezi baada ya mwezi, aende akaonane na daktari, apimwe damu, presha na figo. Ukiona choo cheusi kama lami, ukitapika damu au kitu kama mabaki ya kahawa, usingoje kesho. Ukichoka kuliko zamani, ukihema kwa hatua chache, ukisikia kizunguzungu, usikubali kuambiwa ni uzee mpaka mtu apime. Dawa za presha na sukari msiache, hizo ni habari nyingine. Na mie vidonge kwa wasafiri situmi tena. Nitatuma nauli ya hospitali.

Mama anaendelea vizuri. Juzi kwenye simu alitoka uani mpaka sebuleni bila kushika ukuta, nikamhesabia kwa saa bila kumwambia. Magoti bado yanauma, anafanya mazoezi aliyopewa na kutumia dawa nyingine aliyoandikiwa. Safari tumeisogeza mpaka mwezi wa nane, daktari akiruhusu. Nimemwahidi nitampitisha Digbeth akasalimiane na Singasinga wetu, hata nikilipa pauni 8.

Haya, zamu inaniita saa moja na nusu jioni, ngoja nipige pasi sare. Nisalimieni Ngamiani yote. Na wale wanne wa mkopo, nadhani sasa tumeelewana, teh teh teh!